Kila Mtu na Mshumaa Wake: Kuifumbua Riwaya ya Middlemarch

Sura ya 27 ya Middlemarch, riwaya ya mwandishi Mwingereza George Eliot, inaanza na uso wa chuma kilichong'arishwa. Mtumishi wa ndani amekisugua miaka nenda miaka rudi, na sasa kimejaa mikwaruzo midogo inayokwenda kila upande bila mpango wowote. Sogeza mshumaa unaowaka karibu yake. Papo hapo mikwaruzo ile inaonekana imejipanga kwa mviringo, duara ndani ya duara, na katikati yake ni mwali wa mshumaa wako. Mwandishi hatuachi tubahatishe maana: mikwaruzo ni mambo yanayotokea duniani, na mshumaa ni ubinafsi wa mtu fulani. Kisha anamtaja mmoja. Rosamond Vincy ni binti mrembo wa meya, na ndugu yake Fred amelala kitandani kwa homa ya matumbo. Rosamond anaamini kwamba Mungu ameuleta ugonjwa ule makusudi, ili daktari kijana aliyehamia mjini apate sababu ya kufika nyumbani kwao kila siku.

Nikimweleza mtu riwaya hii huanzia kwenye ukurasa huo, kwa sababu umebeba mambo mawili ambayo kitabu kizima kinayashughulikia kwa pamoja: jinsi kila mtu anavyojiona kuwa kitovu, na jinsi maisha ya watu yalivyokwaruzana na kupishana bila kumwomba yeyote ruhusa. Mwaka 2015 BBC iliwauliza wahakiki wa nje ya Uingereza wataje riwaya bora za Waingereza, na Middlemarch ikashika nafasi ya kwanza. Lakini ina sura 86, ukiacha dibaji na hitimisho, na kundi kubwa la watu waliofungamana kwa ndoa, madeni na wosia. Msomaji mpya akifika katikati huanza kujiuliza nani ni nani wa nani.

George Eliot ni jina la kalamu. Mwenyewe aliitwa Mary Ann Evans, aliyezaliwa Warwickshire, katikati ya England, mwaka 1819, binti wa msimamizi wa mashamba ya mabwanyenye. Kabla ya kuandika riwaya alikuwa mfasiri na mhariri, na ndiye aliyewaletea Waingereza kazi za Wajerumani Strauss na Feuerbach kuhusu dini. Aliishi kama mke na George Henry Lewes, mwanamume aliyekuwa na mke wa ndoa asiyeweza kumtaliki, na kwa sababu hiyo watu wenye heshima zao walimtenga kwa miaka mingi. Mwandishi huyu alijua vizuri maneno ya watu yanavyotembea, nani huyaanzisha, na namna yanavyoongezwa chumvi njiani.

Kuna sababu ya wazi kwa nini kitabu kinamchanganya msomaji mapema. Kilikuwa hadithi mbili. Mwaka 1869 Eliot alianza kuandika habari za daktari katika mji mdogo, zikamkwama. Mwishoni mwa 1870 akaanza hadithi nyingine, ya msichana tajiri mcha Mungu aitwaye Dorothea Brooke. Mwaka uliofuata akaziunganisha. Ndiyo maana baada ya sura kumi za mwanzo Dorothea anatoweka, na ghafla tunamsoma daktari Tertius Lydgate tangu utoto wake. Atakayedhani Dorothea peke yake ndiye mhusika mkuu ataona kama ameibiwa. Kumbe mhusika mkuu ni mji wenyewe, Middlemarch, mji wa kubuni unaofanana na Coventry, kati ya mwaka 1829 na 1832, wakati reli inaanza kupimwa mashambani, kipindupindu kinakaribia, na Bunge linabishana juu ya nani apewe haki ya kupiga kura.

Tashtiti ya Eliot inaonekana haraka kwa watu wa pembeni. Bwana Brooke, ami yake Dorothea na mlezi wake, amewahi kulisoma kidogo kila somo na kuliacha kabla halijamfikisha mbali. Anataka kuingia bungeni kama mtu wa mageuzi huku nyumba za wapangaji katika mashamba yake zikianguka. Siku ya kuhutubia wapigakura, kundi la watu linainua sanamu yake, mtu mwingine anayarudia maneno yake kwa sauti ya kumwigiza, kisha mayai yanaruka. Au tazama ndugu wa mzee tajiri Peter Featherstone wanavyopiga kambi nyumbani kwake akiwa mahututi, wakila nyama ya jikoni mwake na kuchungana wao kwa wao, kila mmoja akiwa na hakika kwamba damu yake ndiyo iliyo karibu zaidi na sanduku la fedha. Sehemu hizi zinachekesha, na mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha mirathi atazitambua.

Lakini nguvu halisi ya kitabu iko pale kejeli inapowageukia watu tunaowaheshimu. Edward Casaubon, kasisi na msomi aliyepita miaka 45, anaandika kitabu kiitwacho Ufunguo wa Mifumo Yote ya Visaasili. Anataka kuthibitisha kwamba ngano za mataifa yote zimetokana na ukweli mmoja wa kale uliopotoshwa. Amejaza madaftari kwa miaka mingi, na hajaandika hata sura ya kwanza inayosomeka. Baya zaidi ni kwamba Wajerumani wameshapita njia hiyo, naye hasomi Kijerumani. Dorothea, ambaye hajatimiza miaka 20, anaolewa naye akidhani anaolewa na akili kubwa itakayomfungulia dunia. Wanakwenda Rome kwa fungate, yeye analia peke yake chumbani, mume yuko maktaba.

Dorothea naye ana mshumaa wake, na hapa wengi hupita bila kutazama. Anataka kuwa mke wa mtu mkuu, anayejitoa kwa kazi kuu, na katika kumtengeneza mtu huyo kichwani hakumwona Casaubon aliyesimama mbele yake: mwoga, mpweke, anayejua moyoni kwamba kazi yake inaweza kuchekwa. Msimulizi anasema sote tunazaliwa wajinga wa maadili, tukiuchukulia ulimwengu kama chuchu ya kuinyonyesha nafsi yetu tukufu. Dorothea alianza mapema kutoka katika ujinga huo. Hata hivyo ilikuwa rahisi kwake kuwaza namna atakavyojitoa kwa ajili ya mumewe kuliko kuhisi kwamba na yeye, Casaubon, ana kitovu chake, ambako mwanga na vivuli huangukia mahali tofauti na kwake.

Kisha inafika sura ya 29. Inaanza kwa kusema kwamba asubuhi moja, wiki kadhaa baada ya kurudi nyumbani, Dorothea... na sentensi inakatika. Msimulizi anajiuliza: kwa nini Dorothea kila mara? Je, macho yake ndiyo pekee yanayoweza kuitazama ndoa hii? Tangu hapo tunaingizwa ndani ya Casaubon, mtu tuliyekuwa tukimcheka, na kicheko kinakauka. Mimi naona hapo ndipo Eliot anapowaacha nyuma waandishi wengi wa tashtiti. Wengi hutuonyesha mpumbavu na kutuacha tukijiona bora kuliko yeye. Eliot anamwonyesha mpumbavu, anatuacha tumcheke kurasa mia mbili, halafu anatuuliza tulikuwa tunatazama kwa mshumaa wa nani.

Sasa tuje kwenye fundo lenyewe. Atakayefuata mapenzi katika kitabu hiki atapotea, kwa kuwa ndoa zimetawanyika. Afuate fedha. Kuna mali tatu, na kila moja imebadilisha njia yake kwa siri.

Mali ya kwanza ni ya Casaubon. Mama yake alikuwa na dada mkubwa, Julia, ambaye familia ilimnyima urithi kwa kuolewa na Mpolandi asiye na kitu. Mama mkubwa huyo wa Casaubon ndiye bibi wa Will Ladislaw, kijana mwenye vipaji vingi na kazi hana. Casaubon anamlipia Will gharama za maisha kwa sababu anajua kuna dhuluma iliyomnufaisha yeye. Dorothea anapomshauri mumewe ampe Will haki yake kamili, Casaubon anasikia jambo jingine: mke wangu anampenda huyu. Anaandika nyongeza kwenye wosia kwamba Dorothea akiolewa na Will, anapoteza mali yote. Halafu anamtaka mkewe aahidi kwamba baada ya kifo chake atatenda kama yeye anavyotaka, bila kumwambia ni nini. Dorothea anaomba apewe mpaka kesho. Kesho yake anatoka kwenda bustanini, ameshakata shauri kukubali, anamkuta amekaa kwenye meza ya mawe, ameinamisha kichwa juu ya mikono. Amekufa.

Mali ya pili ni ya mzee Featherstone. Alioa mara mbili: mke wa kwanza alikuwa dada wa Caleb Garth, mtu mwaminifu anayesimamia mashamba, na wa pili alikuwa dada wa mama yake Fred Vincy. Wake wote wawili hawakumzalia. Fred ameshazoea kuishi kama mrithi na anakopa kama mrithi. Usiku wa mwisho mzee anamwamsha Mary Garth, binti wa Caleb anayemuuguza, anamtaka afungue kasha la chuma na kuchoma mojawapo ya wosia mbili, na anamwahidi sarafu za dhahabu na noti. Mary anakataa, hataki jambo lililofanywa gizani limtie doa. Alfajiri mzee amekata roho akiwa ameshika ufunguo. Wosia zinaposomwa inabainika kwamba ule wa kwanza ulimpa Fred pauni 10,000, na ule wa pili, ambao Mary aliukataa kuuchoma bila kujua kilichomo, umeufuta. Shamba la Stone Court linakwenda kwa Joshua Rigg, mtoto wa nje ya ndoa ambaye hakuna aliyemjua. Mary anampenda Fred. Uaminifu wake umemfilisi mtu anayempenda, naye anajua.

Mali ya tatu ndiyo chafu. Nicholas Bulstrode ni mwenye benki, mlokole mkali, mfadhili wa hospitali mpya ya homa, na mume wa Harriet, shangazi yake Rosamond na Fred. Ujanani, London, alikuwa karani wa mtu aliyeitwa Dunkirk, mwenye duka la rehani lililonunua mali ya wizi bila maswali. Dunkirk akafa. Mjane wake alitaka kuolewa na Bulstrode, lakini kwanza atafutwe bintiye Sarah, aliyekimbia nyumbani, ili apewe sehemu yake. Bulstrode alimpata Sarah kupitia mtu aliyeitwa Raffles. Akamlipa Raffles anyamaze, akamwoa mjane, akarithi kila kitu. Sarah ndiye mama yake Will Ladislaw. Kwa hiyo Will amedhulumiwa upande wa baba na upande wa mama, na waliofaidika wote wawili, Casaubon na Bulstrode, wanaishi eneo moja bila kujua kinachowaunganisha.

Mali hizi tatu zinakutanishwa na karatasi. Raffles, sasa mlevi mzee, ni baba wa kambo wa Joshua Rigg. Anakuja Stone Court kuomba hela, anafukuzwa kwa dharau, anapewa brandi kidogo aende zake. Chupa yake ndogo imevaa ngozi, na imelegea ndani ya ngozi hiyo. Anaona karatasi iliyokunjwa imeanguka karibu na moto, anaiokota, anaipachika kati ya chupa na ngozi ili isichezecheze. Ni barua yenye sahihi ya Nicholas Bulstrode, anayelitaka shamba. Hakuna aliyepanga lolote. Mtu mmoja alitaka chupa yake ikae vizuri, na kwa tendo hilo mwenye benki aliyekuwa akiamini Mungu amemteua, aliyehesabu kila faida yake kuwa ni kibali cha mbinguni, amekwisha.

Bulstrode hakujiona mwongo. Aliomba kwa machozi ya kweli. Aliamini kwamba mali ile mikononi mwake ingefanya kazi ya Mungu vizuri kuliko mikononi mwa Sarah, msichana mpenda maigizo, na hoja hiyo aliijenga polepole, hatua kwa hatua, kwa miaka thelathini. Eliot anakataa kumwita mnafiki wa makusudi. Anasema mtu wa namna hii ana matamanio yenye nguvu kuliko imani yake, na ameyaeleza matamanio hayo kwa lugha ya imani mpaka yakakubaliana. Sijasoma popote maelezo makini zaidi ya namna mtu wa dini anavyoweza kujidanganya kwa moyo mkunjufu.

Lydgate anaingia hapa. Amesoma Paris, ana ndoto ya kugundua tishu ya asili ambayo mwili wote umefumwa kutokana nayo. Ana akili ya kweli, tofauti na Casaubon. Lakini kuhusu fanicha, sahani na wanawake, anafikiri kama bwana yeyote wa tabaka lake: mke mzuri ni pambo la kumtuliza baada ya kazi. Amemwoa Rosamond, na sasa deni limewafikia shingoni. Anamwomba Bulstrode pauni 1,000, Bulstrode anakataa. Kisha Raffles anapatikana mgonjwa hoi, anapelekwa Stone Court, ambayo sasa ni ya Bulstrode, na Lydgate anaitwa kumtibu. Ghafla Bulstrode anampa hundi ya pauni 1,000. Maagizo ya daktari ni wazi: asipewe pombe kabisa, na afyuni iwe kidogo, kwa kipimo, kisha ikome. Usiku mwangalizi wa nyumba anachukua zamu. Bulstrode anasahau kumwambia lini afyuni ikome. Baadaye mama yule anabisha mlango kuomba brandi kwa ajili ya mgonjwa, na baada ya kimya kirefu Bulstrode anampa ufunguo. Asubuhi Raffles amekufa.

Kisheria hakuna kitu. Madaktari wengi wa wakati ule waliwapa wagonjwa kama hao pombe, na Lydgate mwenyewe hana uhakika kilichomuua Raffles. Lakini Raffles alishalewa na kusema kila kitu kwa mwuza farasi, na mwuza farasi amelisimulia uani kwenye hoteli. Mji unaunganisha hundi na maiti. Katika mkutano wa hadhara kuhusu kipindupindu, Bulstrode anatakiwa ajiuzulu mbele ya wote. Anainuka aondoke, anayumba, hawezi kutembea. Lydgate anaona mtu anayekaribia kuanguka, na kwa kuwa ni daktari anampa mkono na kumtoa nje. Ukumbi mzima unatazama, na kwa kila aliyekuwemo mkono ule ni ushahidi wa rushwa. Lydgate anajua hilo wakati anaunyoosha. Kwangu hili ndilo tukio zito kuliko yote kitabuni: tendo la wajibu na huruma linamalizia kumchafua mtu, kwa sababu watazamaji wanaliona kwa mwanga wao wenyewe. Atahama mji, atatibu matajiri, ataandika kitabu kuhusu jongo, na atakufa kwa dondakoo akiwa na miaka 50, akijihesabu kuwa ameshindwa.

Mwandishi Henry James, alipoihakiki riwaya hii mwaka 1873, aliisifu kwa wingi wa mambo yaliyomo lakini akaona haikamiliki kama kitu kimoja. Nadhani alikuwa anamtafuta shujaa. Ukizifuata zile mali tatu, unaona kitu kizima kimeshonwa kwa uzi mmoja, na hakuna sehemu unayoweza kuichomoa bila nyingine kufumuka.

Je, kuna anayetoka nje ya mshumaa wake? Wapo wachache, na Eliot anatuonyesha kwa vitendo. Harriet Bulstrode akishajua mumewe ni mtu wa namna gani, anajifungia chumbani. Anavua mapambo yake yote, anavaa gauni jeusi la kawaida, anaondoa nywele za fahari na kuvaa kofia ya kawaida. Kisha anashuka kwa mumewe, ambaye hathubutu kumwangalia, anamwekea mkono begani, anamwambia ainue uso. Harriet hakuwa na elimu ya Dorothea wala ndoto zake. Alikuwa mwanamke wa mjini mwenye kupenda kofia nzuri. Ndani ya saa chache aliacha kujiuliza watu watamwonaje, akamtazama mtu mmoja.

Dorothea anafanya lake. Amemkuta Will, ambaye sasa anampenda, na Rosamond wamekaa karibu karibu, akadhani amesalitiwa, akalala sakafuni usiku kucha akilia. Kunapokucha anajilazimisha kufikiri kwamba tukio lile halikuwa lake peke yake. Kulikuwa na watu wengine watatu ndani yake. Anafungua pazia. Barabarani anapita mwanamume mwenye mzigo mgongoni na mwanamke aliyebeba mtoto, na anahisi kwamba yeye ni sehemu ya uhai huo, hawezi kuutazama tu kutoka kwenye nyumba yake ya fahari. Anakwenda kwa Rosamond kumsaidia kuhusu Lydgate, huku moyo wake unauma. Na Rosamond, ambaye hajawahi kufikiria mtu mwingine tangu sura ya 11, anaguswa na wema ule kiasi cha kusema ukweli unaomwumiza mwenyewe: Will anakupenda wewe. Maneno yale machache yanafungua mwisho wa hadithi. Msimulizi hamfanyi Rosamond kuwa malaika kwa sababu hiyo. Baada ya siku chache amerudi alivyokuwa.

Kwa anayetaka kuianza, iruke dibaji inayomhusu Mtakatifu Teresa, uirudie mwishoni. Kitabu kilitoka kwa sehemu nane, kuanzia Desemba 1871 hadi Desemba 1872, nyingi zikipishana kwa miezi miwili, na kinasomeka vizuri kwa mwendo huo: sehemu moja, pumzi, kisha nyingine. Tatizo litakuja ukikawia katikati ya sehemu ya tano, iitwayo Mkono wa Maiti. Hiyo isome kwa mfululizo, ikibidi kwa siku mbili tatu. Ndani yake Casaubon anakufa, nyongeza ya wosia inajulikana, Brooke anapigwa mayai, na Raffles anamkuta Bulstrode barabarani akiwa juu ya farasi. Ukiyashika mambo hayo manne kwa pamoja, sehemu tatu zilizobaki utazisoma bila kurudi nyuma kuuliza nani ni nani wa nani.